Kinundu Kwenye Ini la Kaka

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza, na pamoja nayo ndoo. Dari ya chumba cha ultrasaundi huvuja pale pale kila mwaka, juu ya kiti cha mgonjwa anayesubiri zamu yake. Kila mwaka fundi huja, huangalia juu, hutikisa kichwa, huondoka. Leo muuguzi wa mlangoni amesogeza kiti na kuweka ndoo bila kuuliza mtu.

Wagonjwa walikuwa bandika bandua: tumbo, mimba, figo, tumbo tena. Nimerudi nyumbani nimechoka hoi. Mwenzangu wa zamu, ambaye wauguzi wamembandika jina la Bwana Ngoja, ameona nusu ya niliowaona mimi. Sitaki kumsingizia uvivu. Ila akimlaza mtu kitandani hamwachi. Anapima, anarudia, anamgeuza ubavu, vuta pumzi, ishike, achia, vuta tena. Mwisho wa yote hayo anaandika kwamba hana hakika. Foleni yake inanihamia mimi. Juu ya hayo leo alitundika soksi zilizolowa nyuma ya mashine, panapotoka hewa ya moto, na chumba kizima kikanuka miguu mpaka jioni.

Jumatano, 6 Machi

Mvua, wagonjwa, soksi.

Jumamosi, 9 Machi

Kaka amekuja hospitali leo. Niseme ameletwa, maana wifi alikuwa nyuma yake kama askari na mahabusu. Wifi huyu sisi ndugu wa mume tunamwita Kengele, kwa siri, kwa sababu akianza jambo halinyamazi. Ni fundi cherehani, kaka ni seremala, na katika miaka yote ya ndoa yao sijawahi kuwasikia wakikubaliana hata juu ya dirisha lifungwe au liachwe wazi.

"Huyu mwanamke ananikimbiza hospitali kama nina mimba," kaka alisema mbele ya foleni nzima, watu wakaangua kicheko.

"Hali chakula, wifi," wifi akaniambia bila kumtazama. "Anaonja, anasukuma sahani, anasema kashiba."

"Nimeshiba maneno yako."

Kaka ana virusi vya homa ya ini, ile ya aina ya B, tangu ujana wake. Anatakiwa kupimwa ini mara mbili kwa mwaka. Mara ya mwisho sikumbuki ilikuwa lini, wala yeye hakumbuki. Kila nikimuuliza husema karakana ina kazi nyingi, nami huwa na foleni yangu, basi yanaisha.

Nilimlaza, nikampaka jeli, akalalamika ni baridi kama moyo wa mkewe. Ini lake si laini kama nilivyotaka, lina chengachenga kidogo, jambo la kutegemewa kwa mtu mwenye virusi siku nyingi. Kisha upande wa kulia, chini ya mbavu, nikakiona. Kinundu kimoja, mviringo, cheupe kuliko ini lililokizunguka, kingo zake zimekatika vizuri. Ukubwa wa harage.

"Kuna nini?" wifi aliuliza.

"Kuna kinundu kidogo. Ni mishipa ya damu iliyojikusanya tu. Watu wengi wanayo na wanazeeka nayo. Si kitu."

Kaka akamwambia mkewe, "Umesikia? Si kitu. Twende nyumbani ukanipe hicho chakula nikisukume."

Wifi hakuondoka mara moja. Alisimama akiiangalia skrini ambayo nilikuwa nimeshaizima.

Jumapili, 10 Machi

Sikupata usingizi wa maana. Niandike ninachokijua, labda kitanyamaza.

Kinundu cheupe, mviringo, chenye kingo safi, kwenye ini la mtu mzima wa afya, karibu kila mara ni hemanjioma, yaani hicho nilichomwambia wifi, fundo la mishipa ya damu lisilodhuru. Hapo unamwambia mtu aende zake. Lakini picha ile ile kwenye ini lenye virusi ina maana nyingine. Kansa ya ini ikiwa bado changa inaweza kuwa nyeupe vile vile, mviringo vile vile. Ultrasaundi ya kawaida haiwezi kuzitenganisha. Hili nawafundisha wanafunzi kila mwaka, na kila mwaka nawauliza kwenye mtihani, na anayejibu "si kitu" namfelisha.

Jana nilijibu "si kitu". Nilikuwa nimechoka, na alikuwa ni kaka yangu.

Jumanne, 12 Machi

Wifi alipiga simu saa nne asubuhi nikiwa na mgonjwa. Nikamwambia nitampigia. Sikumpigia.

Alhamisi, 14 Machi

Wifi tena. "Wifi, samahani nakusumbua. Kile kitu, una hakika?" Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba mimi ndiye daktari. Akasema, "Ndiyo, wifi," akakata.

Nimemwagiza kaka akatolewe damu kwa kipimo cha kansa ya ini. Nimemwambia ni taratibu tu. Mashine ya CT, ambayo ingetupa jibu, imekufa. Maji yameingia kwenye nyaya zake, na wahusika wanaandikiana barua.

Jumanne, 19 Machi

Majibu ya damu ya kaka ni mazuri. Nilifurahi mpaka nikamnunulia muuguzi wa mlangoni soda. Nilipofika nyumbani furaha ikaniisha, kwa sababu najua vizuri sana kwamba kansa ndogo mara nyingi haionyeshi kitu kwenye damu.

Kaka alipitia jioni, wagonjwa wakiwa wameisha. Nikampima tena. Ukubwa ule ule.

Ijumaa, 22 Machi

Nimempima tena kaka. Kimepungua kidogo, au mkono wangu umebana zaidi.

Jumatano, 27 Machi

Nimempima. Kimerudi kilivyokuwa. Kaka anauliza kama nataka kukinunua, maana nakikagua kama mbao.

Mvua haijakatika siku ya nne. Nguo hazikauki, ukuta wa korido umeota ukungu, wagonjwa wanakohoana. Bwana Ngoja ameniachia watu wote wa mchana kwa sababu alikuwa na bibi mmoja kitandani tangu asubuhi. Nilifungua mlango nikamuuliza kama amehamia humo. Akasema, "Karibu namaliza, dada." Hakuwa karibu.

Jumapili, 31 Machi

Nilikwenda kwa kaka kula chakula cha mchana. Alikula vijiko vinne akaanza kusimulia vituko vya mteja wake aliyetaka kabati lenye milango mbele na nyuma. Watoto wao wakubwa wakacheka, nami nikacheka. Wifi alikuwa kwenye cherehani pembeni, anapunguza kiuno cha suruali. Sikuuliza ni ya nani.

Jumatano, 3 Aprili

Nimepata! Mungu mkubwa, nimepata.

Mafundo ya mishipa ya damu yana tabia moja ambayo kansa haina. Wakati mwingine hubadilika rangi mbele ya macho yako. Mgonjwa akilala, akigeuka, damu ikipita kwa kasi nyingine, kile cheupe kinaweza kufifia katika muda wa kunywa chai. Ukikiona kinafanya hivyo, unaweza kupumua.

Leo jioni kaka alilala ubavu wa kushoto nami nikawa napiga naye soga, nje kunanyesha kama mbingu zimetoboka. Nikarudisha kichwa cha mashine pale pale. Kinundu hakikuwa cheupe tena. Kilikuwa kijivu, karibu kufanana na ini lenyewe. Nilipiga kelele, kaka akashtuka akataka kukaa.

"Kaka, kimebadilika rangi! Ni mishipa ya damu. Sasa nina hakika."

"Kwani kabla ya hapo hukuwa nayo?" akaniuliza.

Nikajitia sikusikia. Nikampigia wifi hapo hapo, mwenyewe, kwa mara ya kwanza msimu huu. Halafu nikasikia analia, kilio cha chini chini, na cherehani ya mtu mwingine ikiendelea kunguruma nyuma yake. Akasema ahsante, wifi, Mungu akuzidishie. Nilikwenda nyumbani kwa miguu kwenye mvua ile ile kama kichaa.

Alhamisi, 4 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi niliwahi kufika ili niziweke sawa picha za jana, kabla na baada, nimwonyeshe Bwana Ngoja. Kusema kweli nilitaka kumringia. Nilitaka aone kwamba mtu anaweza kupata jibu bila kukaa na mgonjwa mpaka aote mizizi. Nikaziweka mbili pamoja kwenye skrini. Kushoto, kinundu cheupe. Kulia, kinundu kijivu. Bwana Ngoja akaja na kikombe chake, akaegemea ukuta, akaangalia. Aliangalia kwa muda wake, kama kawaida yake.

"Dada," akasema, "angalia figo."

Nikaangalia figo. Kwenye picha ya kulia figo nayo ilikuwa imefifia. Ukuta wa tumbo umefifia. Ini lote limefifia. Kila kitu kwenye picha ile kilikuwa kimeshuka pamoja.

Nikakumbuka. Wingu lilikuwa limetanda, chumba kikawa giza kama pango, skrini ikanichoma macho, nami nikashusha kitufe cha mwanga. Kidogo tu, kwa kidole kimoja, huku naongea na kaka. Ni jambo ninalolifanya mara mia kwa siku bila kulijua, kama mtu anavyopandisha miwani puani. Kinundu hakikubadilika rangi hata chembe. Niliyebadilisha ni mimi.

Nilikaa kwenye kile kiti cha karibu na ndoo. Bwana Ngoja akavuta orodha ya picha kwenye mashine, akaipandisha, akaishusha.

"Umempima kaka yako mara nyingi kweli."

"Namfuatilia."

"Kwa mwezi mmoja? Kinachokua taratibu huwezi kukiona kwa mwezi mmoja, unajua hilo kuliko mimi. Wewe hutafuti jibu, dada. Unatafuta lile unalolitaka, na jana umelipata."

Nilimchukia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, nilimchukia kwa dakika kadhaa kutoka moyoni, yeye na kikombe chake. Nikamwambia ni rahisi kwake kusema, yeye ambaye hajawahi kuwa na hakika na kitu chochote maishani mwake. Hakukasirika. Akasema, "Nilikuwa nayo zamani, hiyo hakika. Niachie mimi huyu mgonjwa. Usimpime tena."

Nikasema sawa. Halafu nikalia, mbele yake, na muuguzi wa mlangoni akaingia na jina la mgonjwa wa kwanza, akatuona, akarudi nyuma akafunga mlango.

Ijumaa, 5 Aprili

Jana sikuthubutu. Leo nimekwenda mwenyewe dukani kwa wifi, kwa sababu simu ingekuwa woga.

Alikuwa anapima bega la mteja. Aliponiona, pini zikiwa bado mdomoni, uso wake ukakunjamana, akajua sikuja kwa heri. Mteja alipoondoka nikamwambia yote: kitufe, giza, figo. Nikamwambia sijui kile ni nini. Nikamwambia sikujua tangu siku ya kwanza.

Akatoa pini moja moja akazichomeka kwenye mto wake. "Nimepunguza suruali zake mara mbili tangu mwaka uanze," akasema. "Mara ya kwanza nilimwambia amekonda, akasema nimenunua uzi mbaya. Mimi sikusoma udaktari, wifi. Lakini futi ninayo, na kile kiuno nakijua. Wewe ukaniambia si kitu. Nikajiambia, basi nina wazimu. Unajua ilivyo, kujiona una wazimu ndani ya nyumba yako mwenyewe?"

Nikasema, nisamehe.

"Juzi nililia kwa furaha. Nimewapigia watoto." Akaishia hapo. Akaanza kukata kitambaa, na mkasi wake haukuwa unakwenda sawa. Nilibaki nimesimama mlangoni mpaka aliponiambia niende, nitachelewa kazini.

Sisi ndugu wa mume tumemcheka huyu mtu miaka na miaka.

Jumanne, 9 Aprili

Bwana Ngoja ameomba dawa ya mapovu. Ni unga kwenye kichupa, unachanganywa na maji na kutikiswa mpaka unakuwa kama maziwa, kisha unaingizwa kwenye mshipa wa mkono. Vipovu vyake ni vidogo sana, vinakwenda popote damu inapokwenda, na kwenye ultrasaundi vinang'aa. Hapo ndipo kinundu kinapojieleza chenyewe. Ila kichupa kikishafunguliwa hakilali, na kinatosha watu wawili. Kwa hiyo hapa kwetu hakifunguliwi mpaka wapatikane wawili wa siku moja. Na kwa sasa stoo hakuna hata kimoja, barabara imekatika kwa mafuriko.

Alhamisi, 11 Aprili

Dawa haijafika.

Jumanne, 16 Aprili

Haijafika. Kaka amepita kunisalimia, akalala mwenyewe kitandani kwa mazoea. Nikamwambia inuka, mimi sikupimi tena. Akauliza nani atampima. Nikamwonyesha. "Yule wa soksi?" akasema. "Basi tutakula sikukuu humu."

Alhamisi, 18 Aprili

Dawa imefika, mgonjwa wa pili hayupo. Bwana Ngoja anazunguka wodini kama mtu anayetafuta mchumba.

Jumatano, 24 Aprili

Mwenzake kaka amepatikana: mpishi wa bweni la shule, mama mmoja mnene mwenye kicheko kikubwa, aliyekwenda kupimwa mawe ya nyongo akakutwa na kinundu. Hana virusi, ini lake ni safi. Walikaa pamoja kwenye benchi asubuhi yote, yeye na kaka, wakibishana nani ana kinundu kizuri zaidi. Wifi alikaa katikati yao na mkoba wake magotini. Tulisalimiana, si zaidi.

Mpishi aliingia kwanza. Niliruhusiwa kusimama nyuma ya Bwana Ngoja kwa sharti la kufunga mdomo. Muuguzi akasukuma dawa. Ini likaanza kuwaka, na kinundu kikabaki cheusi katikati yake, kisha pembeni kukatokea nukta moja, nyingine, nyingine. Vipovu viliingia kutokea ukingoni, polepole, kama wageni wanaojaza viti vya pembeni kwanza. Vikaelekea ndani. Dakika zikapita na vyote vilikuwa bado humo, vimetulia. Bwana Ngoja alikaa mpaka mwisho kabisa ingawa hata mwanafunzi wangu angeshamwambia mama yule avae nguo. Fundo la mishipa ya damu, lisilo na shaka. Mpishi alipotoka nilisikia kicheko chake korido nzima.

Kisha kaka.

Dawa iliposukumwa, ini lake lilikuwa bado giza. Kinundu kikawaka peke yake. Kikawaka chote, kwa mara moja, kufumba na kufumbua, kabla ya kila kitu kingine. Si lazima iwe kansa kikiwaka hivyo, kuna visivyodhuru ambavyo navyo huwaka haraka, hasa vikiwa vidogo. Kinachoamua ni kama kitaishika ile dawa au kitaiachia, kama kansa ifanyavyo.

Dakika ya kwanza ikaisha. Kimeshika. Ini likawaka likakifikia, vikalingana. Dakika ya pili ikaisha. Bado kimeshika. Bwana Ngoja ananyanyua mkono, anaacha tumbo lipumzike ili vipovu visipasuke ovyo, anaushusha tena, anaangalia, ananyanyua. Nje foleni inagonga mlango. Nilikuwa naomba moyoni, na maneno yakanitoka.

"Kimeshika, Daktari. Inatosha."

"Bado," akasema.

Ningekuwa mimi nimeshika mashine ningeinuka. Naandika hili nikiwa na akili timamu: ningeinuka, ningemfuta kaka jeli, ningetoka nje na kumwambia wifi ni salama. Si kwa sababu ya foleni tu. Dakika mbili zilikuwa zimenipa nilichokitaka.

Ya tatu. Kaka anauliza kama kuna choo humu, maana mzee wa soksi anaonekana ana safari ndefu. Bwana Ngoja anamwambia avute pumzi. Jasho linamshuka shingoni. Ya nne ilikuwa inaelekea kwisha aliposhusha tena kichwa cha mashine, na pale palipokuwa sawa na ini pakawa na kivuli. Kidogo. Akanyanyua, akangoja, akashusha. Kivuli kimekolea. Ini lote linang'aa na kinundu kimeiachia dawa yake.

Niliangalia kitufe cha mwanga. Hakuna aliyekigusa.

"Mmenyamaza wote wawili," kaka akasema. "Nani kafa?"

Bwana Ngoja akanigeukia. Ilikuwa kazi yake kusema, na angesema vizuri, lakini nilizunguka kitanda nikamshika kaka bega.

"Kaka, ni kansa."

Akaniangalia. Nilisubiri mzaha na haukuja.

"Ni ndogo na iko peke yake," nikasema. "Inatibika ikiwa hivyo. Sikudanganyi."

"Mwite mke wangu," kaka akasema.

Wifi aliingia. Nikamwambia maneno yale yale, yote. Alimshusha kaka shati akamfunga vifungo mwenyewe, kimoja kimoja, na jeli bado iko tumboni.

Bwana Ngoja ameandika majibu mistari miwili. Nimeyasoma mara nyingi. Hakuna "huenda" hata moja ndani yake.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimeona wagonjwa nusu ya kawaida yangu. Foleni imenitukana.

Jumatatu, 6 Mei

CT imefufuka, na kaka alikuwa wa kwanza kuingia. Imesema yale yale. Kinundu ni kimoja, hakuna kingine. Daktari wa upasuaji anasema si lazima kumpasua. Kwa ukubwa huo kinaweza kuunguzwa kwa sindano ya moto inayoongozwa na ultrasaundi. Mwenye mkono wa kuiongoza ni Bwana Ngoja, hospitali nzima inajua hivyo. Mimi nilikuwa nalijua hilo miaka yote na bado nilikuwa nikipiga mahesabu ya wagonjwa wake.

Jumatano, 8 Mei

Kaka amekataa. Ana madawati ya shule ya kumaliza, anasema, kisha mvua ziishe, kisha tutaona. Hafanyi mzaha tena. Anasugua mbao na msasa tangu asubuhi mpaka vumbi linamfunika nyusi, na ukimsemesha anaongeza kasi. Nilimweleza, nikamsihi, nikamfokea. Akaniambia, "Ulisema si kitu. Nami nilitaka kiwe si kitu. Niache nikae hapo kidogo."

Nilitoka nikamkuta wifi uani, amekaa tu, mikono imelala.

"Nimechoka, wifi," akasema. "Nimesema mpaka nimechoka. Labda mwenyewe anajua."

"Hajui. Wifi, usinyamaze sasa. Sisi tulikucheka kwa kelele zako. Tulikuwa wajinga. Mpigie kelele."

"Kumbe mlikuwa mnanicheka," akasema. "Nilikuwa najua." Akainuka akaingia karakana. Nilimsikia kutoka barabarani.

Jumanne, 14 Mei

Bado anamsemesha. Wakati wa kula, wakati wa kulala, mlangoni kwa wateja. Mvua imepungua, au nimeizoea.

Alhamisi, 16 Mei

Kaka amekubali. Amesema ni afadhali sindano ya moto.

Alhamisi, 23 Mei

Leo nimekaa upande wa pili wa mlango. Niliomba ruhusa kazini, nikavaa gauni la kawaida, nikakaa kwenye benchi pamoja na wifi. Sikujua kuwa benchi lile ni gumu kiasi kile. Sikujua kuwa kutokea pale unasikia kila kitu cha ndani na huelewi hata kimoja: chuma kikigonga sinia, mtu akikohoa, kicheko cha muuguzi. Kila mlango ulipofunguliwa tuliinua vichwa pamoja. Mara mbili nilitaka kuingia, na mara mbili wifi alinivuta mkono.

Jua liliingia dirishani likapanda ukuta mpaka kwenye ukungu. Wifi alikuwa na suruali ya kaka mkobani, akaitoa, akaanza kufumua kiuno. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anaitanua, atakapoanza kula.

Bwana Ngoja alitoka amelowa mgongo mzima. "Tumekichoma chote," akasema, "pamoja na ukingo wa ini unaokizunguka. Anazinduka. Mtaitwa." Akaegemea ukuta, akafumba macho kidogo, akaenda kunawa.

Wifi hakumfuata. Alinigeukia mimi.

"Ndiyo kusema amepona?"

Niliona jinsi ilivyo rahisi. Neno moja tu, na uso wake ungefunguka, na angewapigia watoto.

"Hiki kimekwisha, wifi. Lakini ini ni lile lile na virusi ni vile vile. Kingine kinaweza kuota. Atatumia dawa ya virusi kila siku, na kila baada ya miezi mitatu atalala kwenye kile kitanda apimwe."

"Mpaka lini?"

"Siku zote."

Nikajiandaa kwa kilio. Alikunja suruali, akailaza magotini, akainyoosha kwa kiganja.

"Sawa," akasema. "Na hilo nitalala nalo. Lile 'si kitu' la kwanza ndilo lililoninyima usingizi."

"Sitampima mimi," nikamwambia. "Nitakuwa nakaa hapa na wewe."

Akasogea kidogo ili nipate nafasi ya kukaa vizuri, ingawa nilikuwa nimeshakaa. Muda si mrefu wakaita ndugu wa mgonjwa, tukaenda wote wawili.